Kuchagua mkonga wa gari la porini kwa njia nyembamba: mwongozo kamili

Mkonga wangu wa kwanza, yaani bomba linalopandisha mdomo wa hewa ya injini hadi juu, ulikuwa wa chuma. Fundi wa kuchomelea aliukunja kutoka bomba la inchi nne, ukasimama wima kama mlingoti wa jahazi, na niliupenda kwa sababu uling'aa. Ulidumu miezi minne. Siku hiyo tulikuwa tunashuka njia ya zamani ya magogo milima ya Usambara, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, tawi likaingia kati ya bomba na nguzo ya kioo cha mbele. Kabla mguu haujafika kwenye breki, nguzo ilikuwa imevutwa nyuma na kioo kimepasuka pembe hadi pembe. Na mkonga wenyewe? Haukuwa hata na mchubuko.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mahali ambapo wauzaji hawaanzii. Kwenye njia nyembamba mkonga utagongwa. Si swali la ikiwa, ni swali la mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo unapouchagua, uliza kwanza utapokeaje kipigo na umelalaje kwenye bodi, halafu ndipo uulize habari za hewa. Dukani utausikia ukiitwa snokeli, lakini huku kwetu ukisema gari la mkonga kila mtu ameshaelewa.

Hatua ya 1: Jua unachokikimbia, maji au vumbi

Watu wengi hufunga mkonga kwa ajili ya maji, na hofu yao ina msingi. Chukua injini ya 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser tunayoijua wote. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 4,164 na silinda sita, kwa hiyo kila silinda inameza karibu 694. Mgandamizo wake ni kama 22 kwa 1. Piga hesabu: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni mililita 33 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Vijiko viwili na ushee vikiingia kwenye silinda moja injini ikiwa inazunguka, pistoni inakwama njiani na konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda. Kutoka hapo unazungumzia kufungua injini nzima.

Lakini ukweli wa maisha ya porini ni kwamba siku za maji ni chache na siku za vumbi ni nyingi. Injini hiyo hiyo ikiwa kwenye mizunguko 2,000 inavuta kama lita 4,000 za hewa kwa dakika. Hizo ni ndoo 200 za lita ishirini, kila dakika. Ukiwa gari la tatu kwenye msafara kuelekea Ziwa Natron, ambako vumbi lina majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai ndani yake, hewa iliyo kwenye kimo cha tairi na hewa iliyo juu ya paa ni vitu viwili tofauti. Chujio linalovuta kutoka juu linachelewa kuziba, na utaliona mwenyewe ukilikung'uta jioni.

Kama mito yako ni ya kimo cha goti na safari zako nyingi uko peke yako mbele, bila gari la kukutimulia vumbi, acha mkonga. Nunua matairi. Njia nyembamba inakuadhibu kwa kila kitu kinachochomoza, na hakuna sababu ya kuongeza chomozo lisilo na kazi.

Kuna uongo mmoja lazima tuuondoe mapema: mkonga hauongezi kina cha maji ambacho gari lako linaweza kukipita kwa usalama. Toyota wanaipa Hilux milimita 700, Ford wanaipa Ranger milimita 800, na namba hizo hazipandi kwa sababu umetoboa madigadi. Alteneta iko pale pale, nyaya ziko pale pale, na gari bado litaelea likifikwa na maji ya kasi. Mkonga unakulinda na ajali: shimo usilolijua katikati ya korongo, wimbi linalopanda juu ya boneti, gari lililozima na kuanza kuzama pua. Ni bima, na bima haikutumi ukatafute ajali.

Ukiamua ni kwa ajili ya maji, basi panga kwenye bajeti hiyo hiyo mipira ya kupumulia ya difu ya mbele, difu ya nyuma, giaboksi na transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma). Difu iliyochemka ikizama kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia sili. Wiki mbili baadaye unafungua kifuniko unakuta chai ya maziwa. Mpira wa kila kimoja upandishwe hadi juu ya boneti. Nimeona mikonga ya bei kubwa kwenye magari ambayo difu zake zinapumulia kwenye kimo cha ekseli.

Hatua ya 2: Pima njia, kisha upime gari

Kila pori lina tabia yake. Mianzi ya Aberdare inainama mbele ya ngao (chuma cha kinga mbele ya gari), inateleza ubavuni, halafu inarudi kwa nguvu kama bakora. Mkonga unaoweza kuyumba kidogo unaipokea vizuri. Migunga ya nyika haipigi sana, inakwaruza na kunasa. Kila kona na kila kichwa cha bolti kinachochomoza kitashikwa. Miombo ina shina gumu na matawi ya kimo cha paa, na huko adui ni tawi moja nene usiloliona. Vichaka vya lantana vinasukana, vinaingia kwenye kila nafasi na kung'ang'ania.

Nchini Kenya kuna Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, ule wa karibu kilomita 400 uliokamilika 2009. Huko anayeshinda ni aliyepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, si aliyekimbia zaidi, kwa hiyo magari yanapenya vichakani moja kwa moja. Ukipata nafasi ya kuyatazama yakirudi, usiangalie injini. Angalia ubavu wa gari, uone ni nini kilibaki na ni nini kiling'olewa.

Sasa upime gari lako kwa kamba. Funga ncha moja kwenye pembe ya nje ya ngao, ivute hadi pembe ya mbele ya keria, au ukingo wa paa kama huna keria, na uikaze. Huo ndio mstari ambao tawi litaufuata likisukumwa na gari. Chochote kitakachokuwa nje ya kamba ni ndoano. Fanya hivyo tena kwa kimo: kamba kutoka ukingo wa juu wa boneti hadi kilele cha paa. Kwa mstari huu utaona kwa nini mikonga mingi inayopendeza mjini haifai msituni. Kichwa chake kinapita paa kwa kiganja kizima, kikipunga.

Jaribio la pili ni la ngumi, kwenye gari la mwenzako lenye mkonga wa aina unayoitaka. Jaribu kupitisha ngumi kati ya mkonga na nguzo ya kioo. Ikipita, tawi lenye unene wa mkono litapita pia, na likishaingia halitoki kwa adabu. Vidole viwili vikipita kwa shida, huo ni mkonga wa msituni.

Hatua ya 3: Upande gani

Hapa huna uhuru mkubwa. Mkonga unatokea upande ambao eakilina, yaani kopo la chujio la hewa, ipo, na kuhamisha kopo la chujio ni kazi ambayo singemshauri mtu aifanye kwa ajili ya matawi peke yake. Ila ujue unapata nini. Ukiwa upande wa dereva unauona, na utajifunza kuulinda bila kufikiri. Ubaya wake unakuongezea unene kwenye nguzo ambayo tayari inakuficha kona. Kaa kwenye kiti, mwambie mtu ashike boksi la upana wa mkonga pale utakapokaa, kisha tazama kama bado unaona mtu mfupi aliyesimama kwenye kona ya kulia.

Ukiwa upande wa abiria, unahitaji utingo mwenye macho. Mimi utingo wangu anajua neno moja tu la kazi hiyo: "Mkonga!" Nikilisikia nasimama, sigeuzi usukani. Ukigeuza usukani tawi likiwa limeshaingia, unalikaza.

Anayenunua kifurushi mtandaoni awe mwangalifu na jambo moja: gari la usukani wa kulia na lile la usukani wa kushoto, hata kama jina ni moja, linaweza kuwa na mpangilio tofauti chini ya boneti. Hili linawahusu sana wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaoendesha upande wa kulia wa barabara, lakini wengine wana magari ya usukani wa kulia. Tuma namba ya chesisi kwa muuzaji, usitume jina la gari tu.

Hatua ya 4: Umbo

Kuna maumbo manne ya kuchagua, na wala sitajifanya nayapenda sawasawa.

Umbo la kawaida ni lile la plastiki linalotoka kwenye madigadi, linalala ubavuni mwa boneti, kisha linapanda likiwa limekumbatia nguzo hadi kimo cha paa. Kama limechongwa kwa ajili ya gari lako hasa, linafuata mwinuko wa nguzo na nafasi ya katikati ni ndogo. Kampuni za Australia, kama Safari, TJM na Ironman 4x4, zimelijengea jina umbo hili. Kwa mtu anayepita msituni na kwenye vumbi pia, hapa ndipo ningeanzia.

La pili ni mkonga mfupi, unaoishia juu ya boneti, chini ya kioo. Tawi linaupita juu kwa juu. Marekani, Rugged Ridge wana mkonga wa Jeep Wrangler unaokubali vyote viwili: kipande kifupi cha karibu na boneti kwa siku za msituni, na kirefu cha hadi paa kwa siku za maji na vumbi. Wazo hilo ni zuri hata kwa asiye na Jeep. Ubaya ni kwamba mkonga mfupi haukutoi kwenye vumbi zito la msafara, na wimbi la boneti linaufikia.

La tatu ni la siri: hakuna kinachoonekana nje. Bomba linapandishwa ndani, kati ya madigadi na bodi, hadi chini ya kioo cha mbele. Faida ya maji ni ya sentimita kadhaa tu, lakini hakuna tawi litakalolishika maisha yake yote. Kwa mwenye njia nyembamba mno na vijito vidogo, nalishauri bila aibu, hata kama halina sura ya kupigia picha.

La nne ni bomba la chuma, la duara, limesimama mbali na nguzo. Habari zake umeshazisoma pale juu.

Hatua ya 5: Plastiki gani

Mikonga mizuri ya plastiki ni ya polithini nene. Ukiubonyeza ubavuni kwa gumba unakubali kidogo kisha unarudi. Ukigongwa na tawi unapinda, unakwaruzika, unabaki na kovu jeupe, basi. Plastiki ngumu inayong'aa haikubali kubonyea, inapasuka, na ikipasuka inavunjika vipande vyenye makali. Faiba nayo inapasuka kwa nyufa nyembamba usizoziona mpaka siku ya maji.

Chuma hakipasuki, ndiyo, lakini nguvu ya kipigo haipotei. Inatafuta kitu dhaifu kilicho jirani, nacho ni nguzo ya kioo au karatasi ya madigadi. Msituni unataka mkonga uwe ndio kitu dhaifu. Plastiki ya mkonga inanunulika. Nguzo iliyovutwa inahitaji mtu wa bodi, mtu wa kioo na mtu wa rangi, na kila mmoja atakuambia kesho.

Jua la huku pia lina neno. Plastiki isiyo na kinga ya jua inaanza kupauka na kuwa kama chaki, kisha inakakamaa. Ukipitisha kidole kwenye mkonga wa mtumba kikatoka na unga mweusi, uache hapo hapo.

Hatua ya 6: Kichwa

Kichwa ndicho kitu cha kwanza kushikwa na matawi, na watu hukichagua kwa sura.

Kichwa cha kawaida kinatazama mbele, kina matundu madogo nyuma na chini ya kutolea maji ya mvua: matone ni mazito kuliko hewa, yanapiga ukuta na kuteremka kupitia matundu hayo. Hakikisha matundu yapo kweli. Nimeshika kichwa cha bandia chenye michoro ya matundu isiyotobolewa. Msituni, kichwa kinachotazama mbele kinakusanya majani, maua na mbegu za nyasi, na kila jioni unatoa konzi. Suluhisho ni dogo: legeza klipu, kigeuze kitazame nyuma. Injini haitapungukiwa na kitu. Ile habari ya kwamba hewa inasukumwa ndani na mwendo wa gari haina maana yoyote kwenye kilomita kumi kwa saa.

Kichwa cha uyoga, kile kinachozungusha hewa na kutema vumbi kabla halijafika kwenye chujio, ni kizuri sana nyikani. Ni kinene pia, na ni cha duara, na kinachomoza pande zote. Kwenye mianzi kitazungushwa mpaka kilegee. Ninavyo vyote viwili. Kinachobaki nyumbani kinategemea ninakokwenda, na kubadilisha ni bisibisi moja.

Wavu wa waya kwenye mdomo wa kichwa unafaa, ila uwe wa matundu makubwa. Wavu mwembamba kama wa chandarua unaziba kwa vumbi lenye umande, na injini inaanza kukohoa mlimani bila wewe kujua sababu.

Hatua ya 7: Kipenyo

Hapa ni haraka. Pima mdomo wa asili wa eakilina yako. Njia ya hewa ya mkonga isiwe nyembamba kuliko huo mahali popote, hasa kwenye kona inapoingia madigadi, ambako wengi hubana. Bomba la milimita 76 lina eneo la sentimita za mraba 45. La milimita 100 lina karibu 79. Kwa injini isiyo na turbo inayotembea polepole msituni, la kwanza linatosha. Kubwa zaidi linakuongezea unene ubavuni na kelele sikioni. Nguvu ya ziada unayoahidiwa hutaisikia.

Hatua ya 8: Dukani

Usiulize kwanza bei. Omba uufungue mfuko wa vifaa. Mkonga wa maana unakuja na kiolezo cha karatasi cha kutobolea, mpira wa kuunganisha ulioumbwa kwa kona yake, klipu za chuma kisichoshika kutu, bolti zenye nati za kupachikwa kwenye bati, na mabano ya nguzo. Mfuko ukiwa na skrubu nne na mpira wa bati unaokunjika kama akodioni, umeona ya kutosha. Mpira huo wa mikunjo unatoboka mahali unaposuguana na bati, na uko ndani ya madigadi usipouona.

Chungulia ndani ya mkonga kwa tochi ya simu. Tafuta mshono uliofunguka, plastiki iliyoning'inia, na vumbi la kiwandani. Geuza, utikise. Kisha omba kuusimamisha kwenye gari lako kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa hilo ananiambia habari zote ninazozihitaji.

Hatua ya 9: Kufunga

Mkonga hauna thamani kuliko kiungo chake kibovu kuliko vyote. Kazi yenyewe ya kufunga ni ya nusu siku kwa mtu mwenye subira, na usiwape watu wanaokuambia ni ya saa moja.

Toa kwanza kava la ndani la madigadi na uangalie kilicho nyuma ya mahali pa kutoboa: nyaya, chupa ya maji ya waipa, mpira wa breki. Bandika kiolezo kwa selotepu, simama mbali, kitazame kutoka mbele na kutoka ubavuni. Violezo vya bei rahisi vinakosea hadi sentimita nzima, kwa hiyo ushike mkonga wenyewe juu yake uone kama bolti zinakutana na alama. Piga alama kwa sentapanchi, anza na drili ya milimita 3, ndipo uweke msumeno wa duara.

Tundika kitambaa chenye maji chini ya tundu kabla hujaanza. Chenga za bati zikianguka kwenye rangi zinaota kutu kwa usiku mmoja tu wa umande, na utafikiri gari lina surua. Zilizobaki zifagie kwa sumaku. Lainisha ukingo wa tundu kwa tupa, paka praima, paka rangi, subiri ikauke. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayofanya madigadi yaoze kutokea ndani huku nje yakimeta.

Sasa viungo. Mafundi wengi wanaamini bomba la silikoni linatibu kila kitu. Polithini haishikani na silikoni: leo inaonekana imekaza, baada ya mwezi wa mitikisiko unaibandua kwa kucha kama ganda la yai. Kiungo cha plastiki kwa mpira kizibwe kwa kubanwa: mpira unaobana wenyewe, klipu imara, na ukingo wa plastiki uliofutwa mafuta na vumbi. Silikoni ni ya mahali bati linapokutana na raba, na hata hapo ni msaidizi.

Fungua kopo la eakilina utazame chini yake. Makopo mengi yana tundu la kutolea maji lenye kimpira kama mdomo wa bata, na mengine yana tundu lililo wazi kabisa. Tundu wazi likiwa chini ya maji linavuta maji, hata kama mkonga unafika mawinguni. Usilizibe moja kwa moja, kwa maana mvua inayopita kichwani itakosa pa kutokea. Weka kimpira kipya kinachofunga kwa kuvutwa, na kwa siku ya kuvuka maji mengi beba kizibo cha raba ukipachike kwa muda. Kingo za mfuniko wa kopo nazo ziwe na sili nzima, na klipu zote zibane. Klipu moja iliyokatika inatosha kuufanya mkonga wote kuwa pambo.

Mabano ya juu ndiyo mahali pa kuweka udhaifu kwa makusudi. Siku hizi situmii bolti za chuma kwenye nguzo. Naweka nati za kupachikwa kwenye bati, kisha skrubu za nailoni za milimita 6. Tawi nene likishika, skrubu zinakatika, mkonga unalala nyuma ukining'inia kwenye madigadi, na nguzo inabaki ilivyo. Kati ya mkonga na bodi weka ukanda mwembamba wa raba usisuguane na rangi.

Hatua ya 10: Jaribu kabla ya pori kukujaribu

Kwa dizeli ya zamani isiyo na turbo jaribio ni rahisi. Injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa, funika mdomo wa mkonga kwa kipande cha mbao chenye sponji. Usitumie kiganja. Injini izime ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, kuna mahali inapumulia. Ikiwa inanywea lakini haizimi, sikiliza mluzi: fuata sikio, utaukuta kwenye mdomo wa bata au kwenye mfuniko wa kopo.

Kwa injini za turbo za kisasa siipendi njia hiyo, mvuto wake unaweza kuunyonya mpira ukajikunja na kupasuka. Zima injini, toa chujio, ziba upande wa injini kwa kitambaa, kisha puliza moshi kutoka kichwani. Mimi hutumia kopo la ubani na kipulizio kidogo cha kuchochea mkaa. Moshi unatokea mahali pabovu bila ubishi, na gereji inanukia vizuri. Ukimaliza, usisahau kitambaa.

Kwenye gari lenye sensa ya hewa, tembea nalo siku mbili mjini kabla ya safari. Kona kali au mkunjo karibu na sensa unaweza kuleta taa kwenye dashibodi na moshi usio wa kawaida. Bora ujue ukiwa karibu na fundi.

Hatua ya 11: Kuulinda njiani

Magari ya Camel Trophy, mashindano ya zamani ya magari ya porini, yale yaliyopita Tanzania hadi Burundi mwaka 1991, yalikuwa na waya kutoka ngao ya mbele hadi keria ya paa. Kazi yake ni kuinua matawi yapande juu ya paa badala ya kuingia kwenye kioo na mkonga. Hadi leo sijaona kinga nzuri kuliko hiyo kwa bei yake. Waya wa milimita 3 au 4 unatosha, uwe na springi ndogo upande mmoja, na kiunganishi kitakachokatika kabla keria haijang'oka. Kamba uliyoifunga kwenye hatua ya pili ilikuwa inakuonyesha waya huo utapita wapi. Usiukaze kama gitaa, na usiupitishe katikati ya macho yako.

Kuendesha nako kuna namna yake. Tawi linalokuja ubavuni mwa mkonga, lifikie kwa ngao kwanza, taratibu, liinamishe, kisha pita bila kusimama ili lisipate nafasi ya kurudi katikati. Likishaingia nyuma ya mkonga, simama, rudi nyuma kwa mstari ule ule ulioingia nao, usikunje usukani. Likikataa, shuka na panga au msumeno wa mkono. Dakika mbili.

Ukiupasua mkonga njiani, usichanganyikiwe. Mkonga uko kabla ya chujio, kwa hiyo ufa hauingizi vumbi ndani ya injini. Chujio bado linafanya kazi yake. Ulichopoteza ni kimo: kina chako cha maji sasa kinaishia kwenye ufa. Toa vipande vilivyolegea visije vikavutwa, funga kwa tepu na mpira wa ndani wa baiskeli, na ubadilishe njia ya kurudi kama kuna mto. Mpira uliopasuka kati ya chujio na injini ni hadithi nyingine. Ukipasuka huo, zima injini hapo hapo, na usiwashe mpaka uzibe, kwa sababu kila kinachopita hapo kinakwenda silindani moja kwa moja.

Na kama maji yameingia, gari limezima mtoni, usiguse swichi. Jaribio moja la kuwasha ndilo linalopinda konrodi ambazo mto haukuzipinda. Livute gari nje, fungua chujio uone kama limelowa. Likiwa limelowa, toa glopulagi zote (plagi za kupasha moto silinda) au nozeli za dizeli, sogeza watu, zungusha injini maji yatoke kwa matundu, kisha angalia mafuta ya injini kabla ya kurudisha chochote.

Vifaa vya mkonga ninavyotembea navyo vinajaa kwenye kopo la kahawa chini ya kiti: klipu mbili, kizibo cha raba, kipande cha mpira wa baiskeli, bisibisi fupi, na skrubu za nailoni kumi na mbili. Tangu mwaka uanze nimetumia nne.